Nina vijiwe vya nyongo na kazi yangu ni kuuza matunda. Nile lipi, niache lipi?

Muuza Matunda wa Feri, Jumapili saa 3 usiku

Assalam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Mimi ni mama wa miaka 44, nina watoto wanne, nakaa Likoni, Mombasa. Kibanda changu kiko upande wa kisiwani, pale watu wanaposhuka feri. Nauza matunda ya kukata: tikiti, papai, nanasi, embe likiwa msimu wake, na bakuli la mchanganyiko. Huu ni mwaka wa 11. Nayataja haya kwa sababu siulizi kama mtu anayekula kipande cha tunda baada ya chakula. Mimi nashinda nayo mikononi, na yanayobaki jioni ndiyo ninayokula.

Miezi miwili iliyopita nilipigwa picha ya altrasaundi nikaambiwa nina vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Ni vingi, vidogovidogo, na kimoja kina milimita 9. Kabla ya hapo karibu mwaka mzima nilijitibu vidonda vya tumbo. Nikishikwa nanunua ile dawa nyeupe ya maji dukani, nakunywa, baada ya saa mbili tatu maumivu yanatulia, nasema dawa imefanya kazi. Kumbe yalikuwa yakitulia yenyewe.

Nitayaeleza maumivu yenyewe, maana huenda mwenzangu anasoma hapa naye anakunywa dawa nyeupe. Huanza kwenye chembe cha moyo, yakahamia kulia chini ya mbavu, yakapenya mgongoni mpaka kwenye bega la kulia. Hayachomi kama kiungulia. Yanakaza, kama mtu anayekamua nguo na hataki kuiachia. Ukikaa huna raha, ukilala huna raha. Usiku mbaya kuliko yote yalinishika saa nne na nusu yakaniachia saa nane, na nilitapika mara tatu. Kijana wangu alitaka kunivusha feri usiku huohuo.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi na nilikuwa nimefunga. Magharibi nilifungua kwa tende tatu na maji, nikala mahamri mawili kwa mbaazi za nazi, halafu nikala parachichi zima, kubwa, lililokuwa limeiva kupita kiasi na kesho yake nisingelipata wa kumuuzia. Nililila kwa kijiko, na chumvi na ndimu.

Sasa tangu nitoke na ile karatasi, kila mtu ana lake. Jirani yangu ameniapia kwamba ni mbegu za mapera na pasheni, na hata za nyanya, zimejikusanya zikawa mawe. Mama mkwe anasema niache ndimu, ukwaju na nanasi kwa sababu ukali wake unachokoza nyongo. Dada yangu ananiletea dafu kila asubuhi, anasema litayasafisha. Mteja mmoja, mtu mzima wa heshima zake, kaniambia ninywe glasi ya mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, asubuhi nitayatoa yote. Na kuna aliyeniambia nile matunda peke yake wiki mbili, nisiguse kingine.

Daktari aliniambia nipunguze mafuta, na akaniandikia nikaonane na wa upasuaji. Kuhusu matunda sikumuuliza. Nilikuwa na hofu, neno upasuaji lilinijaa kichwani nikatoka bila kukumbuka.

Mapera nimeyaacha tangu siku hiyo, nami nayapenda kuliko tunda lolote. Juzi msichana wa shule alinunua pera kwangu, akalitafuna na mbegu zake hapohapo, nikaona uchungu kana kwamba namuuzia ugonjwa. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Naomba anayejua kwa kusoma au kwa kupitia anieleze: mbegu zina neno? Ukali una neno? Parachichi niliache kabisa? Na hilo dafu?

Fundi wa Kilindini, Jumapili saa 4 usiku

Waaleikum salaam. Pole sana dadangu. Hayo maumivu ya kukamua nayajua, niliyabeba miaka miwili, sasa ni mwaka wa tatu tangu nitolewe mfuko.

Naanza na mafuta ya zeituni kwa sababu hilo ndilo linaloniogopesha katika uliyoyaandika. Usinywe. Mimi nilikunywa. Mwenzangu wa kazini alinielekeza, karibu nusu lita ya mafuta, na ndimu za kukamua, usiku kabla ya kulala. Alfajiri nilitoa vitu vya kijani, laini kama nta, vinaelea, zaidi ya ishirini. Nilifurahi mpaka nikamwamsha mke wangu aje aone. Wiki ileile nikarudi kupigwa picha ili nimwonyeshe daktari kwamba nimepona. Vijiwe vyangu vitatu vilikuwa palepale, hata kimoja hakijapungua. Na kati ya siku ile ya kunywa na ile ya picha nilishikwa vibaya kuliko siku zote, nikalazwa siku mbili. Daktari alinieleza kwamba mafuta mengi kwa pamoja ndiyo yanayouamrisha ule mfuko ujikaze kwa nguvu zake zote. Ukijikaza na kuna kijiwe kwenye mdomo wa mfuko, ndiyo yale maumivu. Na kijiwe kikisogea kikakwama njiani, mambo yanakuwa mazito zaidi.

Kuhusu matunda naweza kukuambia yangu tu. Nilikuwa na daftari dogo la mfukoni, kila nikishikwa naandika nilikula nini na saa ngapi. Baada ya miezi minne nikalisoma. Biriani ya harusi, mara tatu. Viazi karai vya jioni, mara mbili. Samaki wa kupaka mwenye tui zito, mara mbili. Mishkaki ya mafuta, mara moja. Tikiti halikuwamo, embe halikuwamo, chungwa halikuwamo, ingawa nilikuwa nikila chungwa karibu kila siku. Kitu kingine nilichokigundua ni kwamba mara nyingi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku sijala kitu saa kumi na mbili au zaidi, halafu nakula kwa pupa mlo mmoja mzito.

Wewe unaamka saa ngapi, na unakula mara ngapi? Maana wauza matunda ninaowajua wanakwenda soko la Kongowea alfajiri na chakula cha kwanza ni saa nane mchana.

Muuguzi Mstaafu, Jumatatu saa 1 asubuhi

Mwanangu, nimeisoma habari yako mara mbili. Nimefanya kazi wodini miaka 31, mingi yake wodi ya upasuaji, na wanawake wa umri wako wenye vijiwe nimewapokea wengi. Wengi wao walipita kwenye dawa nyeupe kama wewe, kwa hiyo usijilaumu.

Mbegu kwanza, ili ule mapera yako. Mbegu ukiimeza inatoka tumboni inaingia utumbo mwembamba, inateremka, inatoka na choo. Nyongo inatengenezwa na ini, inahifadhiwa kwenye kifuko kidogo chini ya ini, na inafika utumboni kwa mfereji mwembamba ambao mdomo wake una msuli wa kuufunga na kuufungua. Mkondo unatoka huko juu kuja utumboni. Pera halina njia ya kupandisha mbegu zake kwenye mfuko wa nyongo. Nadhani jirani yako amechanganya na kidole tumbo, maana huko ndiko watu walikozoea kuzitisha mbegu. Na hilo la nyanya watu hulisema kwa mawe ya figo, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, mahali pengine, kwa sababu nyingine. Ndiyo maana pia dafu na maji mengi, ambayo humsaidia mwenye mawe ya figo kuyapitisha kwenye mkojo, hayayasogezi yaliyo kwenye nyongo.

Sasa vijiwe vinatoka wapi? Kama umewahi kwenda kaskazini ya Malindi ukapita Gongoni, umeyaona mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanatandazwa kwenye majaruba, yanatulia, jua linayapunguza, chumvi inabaki na kushikana. Mfuko wa nyongo nao kazi yake ni kunyonya maji ya nyongo ili iwe nzito. Kama nyongo ina kolesteroli nyingi kuliko inavyoweza kuiyeyusha, na ikatulia humo muda mrefu bila kumwagwa, chembe zinajitenga na kushikana. Huo ndio mwanzo wa kijiwe. Vingi ni vya namna hiyo. Vinatupata zaidi sisi wanawake, zaidi baada ya miaka 40, zaidi tuliozaa, zaidi wenye uzito mkubwa, na pia wanaopunguza uzito haraka mno. Ukoo nao una sehemu yake.

Mfuko unamwagwa na nini? Mafuta ya chakula. Yakifika utumbo mwembamba, mwili unatoa homoni inayoubana mfuko. Mafuta kidogo unabanwa kidogo, mafuta mengi kwa mara moja unabanwa kwa nguvu. Kwa hiyo ukitaka kujua tunda lipi litakuumiza, usiulize mbegu wala ukali. Uliza lina mafuta kiasi gani. Na hapo karibu meza yako yote iko salama. Tikiti, papai, nanasi, embe, chungwa, chenza, ndizi, pasheni, stafeli, fenesi, yote hayafiki gramu moja ya mafuta kwa kila gramu 100. Pera linafika kama gramu moja, nalo lina nyuzinyuzi gramu 5 hivi na vitamini C mara nne ya chungwa. Nyuzinyuzi ni rafiki yako katika ugonjwa huu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wauguzi wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na waliokula matunda na mboga kwa wingi ndio waliofika kidogo kwenye upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo. Lakini nielewe vizuri, mwanangu: hilo ni la kujikinga. Kijiwe chako cha milimita 9 hakuna tunda litakalokiyeyusha. Kuna kidonge cha hospitali kinachoweza kuyeyusha baadhi ya vijiwe vidogo vya kolesteroli, kinachukua miezi mingi, na mara nyingi vijiwe vinarudi.

Parachichi ni habari nyingine. Lina gramu 15 za mafuta kwa kila gramu 100. Lile lako kubwa, nyama yake ni kama gramu 200, basi ulikula mafuta sawa na vijiko sita vya chai. Ni mafuta mazuri kwa moyo, sikatai, lakini mfuko wa nyongo hauchagui mazuri na mabaya, unabanwa tu. Yajumlishe na mahamri yaliyotoka karaini na mbaazi zilizoungwa kwa tui, tena baada ya kutwa nzima bila chakula, nyongo imejaa na kutulia. Ndipo saa nne na nusu ikawa vile. Sikuambii uliache maisha yako yote. Liache mpaka umwone wa upasuaji. Kama utashindwa, vipande viwili vyembamba pamoja na chakula kisicho na mafuta mengine, na uangalie mwili unasema nini.

Nazi nayo ifuate inavyokua. Maji ya dafu karibu hayana mafuta kabisa, dada yako akikuletea kunywa, kwa furaha na si kwa dawa. Nyama laini ya dafu ina mafuta kidogo. Likifika koroma yameongezeka. Likiwa nazi yenyewe ni gramu 33 kwa gramu 100, na mengi ya hayo ndiyo unayoyakamua kwenye tui. Sisi watu wa pwani hatuwezi kuambiwa tusile nazi kabisa, hatutasikia. Ila weka tui jepesi la pili, na kwa siku chache za wiki.

Ukali: ndimu, ukwaju, nanasi havichokozi vijiwe. Vinaweza kukuletea kiungulia kama tumbo lako lina asidi nyingi, hasa ukila na njaa, na watu huona yote ni maumivu ya juu ya tumbo wakayaweka fungu moja. Wewe mwenyewe umeeleza tofauti yake vizuri.

Hilo la wiki mbili za matunda peke yake nakuomba usilifanye. Chakula kisicho na mafuta hata chembe kinauacha mfuko bila kumwagwa, na uzito ukishuka haraka kolesteroli inazidi kwenye nyongo. Unaweza kuongeza vijiwe ukidhani unavitoa. Kula kidogokidogo, mara nne au tano kwa siku, na mafuta kiasi katika kila mlo.

Ndugu yangu Fundi, ulichokiona alfajiri ile kinajulikana. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilieleza habari ya mgonjwa aliyekunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu kama wewe, akaleta vijiwe vya kijani. Vilipopimwa maabara havikuwa na kolesteroli, wala bilirubini (ile rangi ya manjano ya nyongo), wala kalsiamu. Ilikuwa sabuni iliyofanyika tumboni kutokana na mafuta yenyewe.

Na hili lisome mara mbili, mwanangu, ulisomee na watoto. Ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu, au macho yakawa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi na choo kikawa cheupe, au maumivu yakadumu zaidi ya muda wa saa tano bila kuachia, usingoje asubuhi. Vuka feri usiku huohuo, au nenda hospitali iliyo karibu ya upande wako. Hiyo ni dalili kwamba mfuko umevimba au kijiwe kimeziba njia, na njia hiyo ikizibwa ini na kongosho vyote vinaweza kuumia.

Binti wa Kisauni, Jumatatu saa 7 mchana

Shikamoo bibi muuguzi, nimejifunza mengi. Naomba niongeze moja kwa ajili ya wazazi wenye watoto kama mimi.

Nina selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Vijiwe vya nyongo nilikutwa navyo nikiwa na miaka 17, mwembamba, chipsi nakula kwa nadra. Hospitali walimweleza mama kwamba damu yetu sisi inavunjika haraka, inabaki bilirubini nyingi kwenye nyongo, na hiyo inashikana ikawa vijiwe vyeusi. Si vya kolesteroli kama vya Mama wa Feri. Nyumbani kwetu Kilifi watu walikuwa wakimlaumu mama kwamba ananilisha mafuta. Alilia sana kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake. Selimundu iko nyingi huku pwani, kwa hiyo kijana akiumwa juu kulia, tafadhali msimwambie ana vidonda na msimlaumu mama yake.

Matunda mimi nahimizwa nile, hasa tikiti na machungwa, kwa sababu ya maji yake. Sijawahi kushikwa kwa tunda. Nilishikwa kwa katlesi na kachri za Iddi.

Muuza Matunda wa Feri, Jumatatu saa 4 usiku

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Kakangu Fundi, umenijua bila kuniona. Naamka saa tisa na nusu usiku, saa kumi na moja niko Kongowea, na chakula changu cha kwanza ni saa nane mchana, siku nyingine saa kumi. Natafuna kipande cha tikiti katikati, hicho sikihesabu. Sikuwahi kufikiri kwamba kukaa na njaa kuna uhusiano na nyongo. Nilidhani njaa inapumzisha.

Binti yangu wa Kisauni, Mungu akupe afya. Mwambie mama namsalimu.

Bibi, nina maswali matatu ya mwisho. Wateja wangu wa bakuli la mchanganyiko wengi wanataka niwawekee maziwa mazito ya kopo juu na karanga za kuponda, nami huwa najimalizia lililobaki. Je, hilo? La pili, juisi. Jioni nasaga yaliyolainika, embe na pasheni, naweka sukari, nakunywa vikombe viwili. La tatu ni Ramadhani. Sijawahi kuacha kufunga tangu utoto isipokuwa kwa uzazi na hedhi.

Muuguzi Mstaafu, Jumanne saa 12 asubuhi

Marahaba wanangu.

Bakuli lako likiwa matunda matupu ni dawa ya macho na mwili. Likishapakwa maziwa ya kopo na karanga limeshakuwa kitu kingine. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, korosho hazipishani nazo sana. Wauzie wanaotaka, hao mifuko yao ni mizima, ila wewe jitengee bakuli kabla hujaweka kitu. Chumvi na pilipili juu ya embe hazina shida. Achari ya embe iliyolala kwenye mafuta ndiyo uiache.

Juisi hainishtui kwa mafuta, inanishtua kwa sukari. Embe lenyewe lina sukari ya kutosha, ukiongeza vijiko vya sukari unapata uzito, na uzito unazalisha hivyohivyo vijiwe. Tena ukichuja unatupa nyuzinyuzi. Litafune embe. Ukitaka kunywa, ukwaju au pasheni na maji mengi na sukari kidogo sana. Kama umewahi kuambiwa una sukari ya damu, hata matunda matamu yapimie, ngumi moja kwa mara moja. Na kama unatumia dawa za kolesteroli au za presha, muulize daktari kabla ya kula mabalungi, kwa sababu balungi huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa hizo.

Ramadhani nakwambia kama mama. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Mwulize daktari wa upasuaji moja kwa moja, "nifunge au nisifunge?", kwa sababu yeye ameiona picha yako na mimi sijaiona. Akikuruhusu, fungua kwa tende na maji, hizo hazina mafuta. Ongeza tikiti au papai. Kaswali magharibi. Ukirudi, kula uji au wali mweupe na samaki wa kuchemsha au wa kuchoma. Kinachowaleta watu wodini usiku wa Ramadhani ni kile kinachokuja juu ya tende: viazi karai, bajia, sambusa, kaimati, vyote kwa mkupuo mmoja na tumbo lililokuwa tupu saa kumi na tatu. Na daku usiiache. Hizi za Jumatatu na Alhamisi za sunna, zisimamishe kwanza.

Asubuhi, kabla ya kuondoka kwenda Kongowea, chukua ndizi mbili na kipande cha mkate au kiazi kitamu cha kuchemsha. Saa nne tena, kitu kidogo. Hili la saa zako ndilo ningeanza nalo kama ungekuwa mbele yangu.

Na kwa kuwa wewe ni wa kukata, unajua kuliko mimi: osha tunda zima kwa maji safi kabla ya kulitia kisu, hata tikiti na nanasi ambayo ganda lake hatulili, kwa maana kisu kinaingiza cha nje ndani. Mtu mwenye vijiwe akiharisha na kutapika hajui tena ni nyongo au ni uchafu, na daktari naye anapata kazi kutenganisha.

Muuza Matunda wa Feri, wiki tatu baadaye

Assalam aleikum. Nimerudi kama nilivyopaswa.

Nimenunua daftari la kurasa 48. Kwa siku 20 nimeandika kila kitu. Nakula ndizi mbili na kiazi kitamu garini kuelekea Kongowea, saa nne papai, saa saba wali kwa mchicha au ugali na samaki, saa kumi na moja pera au chungwa, usiku kidogo. Nimeshikwa mara moja tu, si kwa nguvu, kama nusu saa. Nilirudi kwenye ukurasa nikakuta ilikuwa siku ya arobaini ya shangazi, nilikula pilau na kuku wa kukaanga, na nilikuwa nimeamka bila ndizi zangu.

Mapera nimekula siku 14 kati ya hizo 20, na mbegu zake. Sikuhisi chochote.

Parachichi sijagusa. Yanayoiva sana sasa nampa kijana wangu na wenzake wa mpira. Dafu nakunywa na dada yangu, tumekubaliana ni la kiu.

Mama mkwe nilimsomea maneno ya bibi muuguzi kwenye simu, polepole, akasikiliza mpaka mwisho. Amerudisha ndimu mezani. Jirani bado ana shaka na pasheni, lakini hili la macho manjano na homa amelishika, na amewaambia na wanawake wenzake wa chama.

Nimemwona daktari wa upasuaji. Nilikwenda na daftari pamoja na maswali sita niliyoyaandika nyumbani ili nisisahau kama mara ile. Ameyajibu yote. Kwa kuwa ninashikwa mara kwa mara ameniambia mfuko utolewe, kwa njia ya matundu madogo, na baada ya hapo nyongo itashuka moja kwa moja kutoka kwenye ini. Kuhusu kufunga amesema ningoje mpaka nipone kidonda ndipo tuzungumze tena. Nimekubali, ingawa moyo umeuma kidogo.

Nimepangiwa Jumatano ya wiki ijayo. Kibanda atakaa binti yangu wa pili, nimemfundisha kuosha kwanza ndipo akate. Kakangu Fundi, kama unakumbuka, niambie wewe ulikaa siku ngapi kabla ya kubeba mzigo, maana kreti ya maembe si nyepesi na msimu ndio huu.